Mtoto wa raundi ya kwanza

Mabasi mengi ya shule hapa Nairobi hupiga raundi mbili kila asubuhi. Ya kwanza huanza saa kumi na moja, wakati mwingine kabla, ili dereva awahi kushusha watoto na kurudi kubeba wengine kabla Thika Road na Mombasa Road hazijafunga. Ndiyo maana kuna mtoto wa Utawala, wa Ruai au wa Kitengela ambaye huamshwa saa kumi na nusu, akaoshwa na kuvishwa sare macho yakiwa bado yamefumba, kisha akapelekwa barabarani gizani na dada wa nyumbani. Ana miaka sita au saba. Jua litachomoza zaidi ya saa nzima baadaye.

Tumelizoea jambo hili mpaka tunalisifu. Mtoto anayeamka bila kulia tunasema ana nidhamu. Shule ambayo taa za madarasa zinawaka alfajiri tunasema ina bidii. Mimi nasema tunawadhuru watoto hawa, tena tunawadhuru katika kiungo kilekile ambacho karo tunayolipa inakusudia kukikuza.

Mtoto akifika miaka sita, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hapo wengi hudhani ujenzi umekwisha. Ukubwa ndio uliokwisha, maungano bado. Chembe za neva hupashana habari kupitia sinapsi, na katika miaka ya mwanzo ubongo huunda sinapsi nyingi kupita mahitaji yake, halafu huanza kuzipunguza. Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago alizihesabu kwa hadubini katika bongo za watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, mtoto mdogo ana sinapsi nyingi kuliko mtu mzima, na kwamba kupungua huko huendelea hadi ujanani. Ni kama vijia vya kiwanja cha mtaa: kinachokanyagwa kila siku hubaki, kisichokanyagwa huota nyasi. Wakati huohuo nyuzi ndefu za neva zinavikwa mayelini, utando wa mafuta unaozipa mawasiliano kasi, na sehemu ya mbele ndiyo inayomalizia kuvikwa, mtu akiwa tayari ana miaka ishirini na kitu. Sehemu hiyo ndiyo ya kupanga, kujizuia, kutulia na kufikiri kabla ya kujibu. Ni yale yale ambayo mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba mtoto hana.

Mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili, zilipoanza kutumiwa kutazama ubongo uliopumzika, watafiti wakaona jambo jingine. Mwaka 2009 Damien Fair na wenzake walilinganisha watoto wa kuanzia miaka saba na watu wazima wa hadi miaka 31. Kwa watoto, sehemu za ubongo zilizokaribiana ndizo zilizokuwa zikifanya kazi pamoja. Kwa watu wazima, sehemu zilizo mbalimbali lakini zenye kazi moja ndizo zilizokuwa zimeshikamana. Picha ilikuwa nzuri mno, na miaka mitatu baadaye Jonathan Power, pamoja na baadhi ya watafiti wale wale, akaitilia doa: watoto hutikisika ndani ya mashine kuliko watu wazima, na mtikisiko mdogo wa kichwa unatosha kuufanya uhusiano wa karibu uonekane na nguvu zaidi na ule wa mbali uonekane dhaifu. Ikabidi hesabu zirudiwe. Tofauti za umri zilipungua ukali, ila hazikufutika. Nawaheshimu sana watu hao kwa kujisahihisha hadharani namna ile, na ndiyo sababu nayaamini yaliyobaki baada ya kusahihishwa. Mitandao ya ubongo inaendelea kujipanga miaka yote ya shule ya msingi na ya sekondari.

Sasa, kazi hii hufanyika lini? Sehemu yake hufanyika usiku. Mwanzoni mwa usiku kuna usingizi mzito wenye mawimbi makubwa ya umeme wa ubongo, na watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2010 kwamba kwa watoto wadogo mawimbi hayo huwa na nguvu zaidi nyuma ya kichwa, kisha kadiri umri unavyosonga huhamia mbele, njia ileile inayofuatwa na ukomavu wa ubongo wenyewe. Karibu na asubuhi huja kwa wingi usingizi wa ndoto. Mwaka 2017 maabara moja ya New York iliyofanya utafiti kwa panya iligundua kwamba katika usingizi huo wa ndoto sinapsi mpya hupogolewa, na chache zinazohitajika huimarishwa. Panya si mtoto, najua. Lakini mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu huibiwa hasa kipande hicho cha mwisho cha usiku.

Kuna pia ushahidi wa watoto wenyewe. Marekani inawafuatilia watoto karibu 12,000 tangu walipokuwa na miaka tisa au kumi, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwalinganisha wale waliolala chini ya saa tisa na wenzao waliolala saa tisa au zaidi, wakiwa wamefananishwa kwa jinsia, hali ya kipato cha nyumbani na hatua ya balehe. Wasiolala vya kutosha walikuwa na upungufu katika baadhi ya sehemu za ubongo zinazohusika na umakini na kumbukumbu. Maungano kati ya sehemu za ndani za ubongo na gamba lake la nje yalikuwa tofauti pia. Miaka miwili baadaye tofauti hizo zilikuwa bado zipo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo peke yake, lakini mimi mzazi sihitaji uthibitisho wa mahakamani ili nimwache mwanangu alale.

Piga hesabu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Akiamka saa kumi na nusu, inabidi awe amelala fofofo saa moja na nusu jioni. Saa moja na nusu mtoto huyu wa raundi ya kwanza ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Hajala, hajaoga, na daftari la kazi ya nyumbani halijafunguliwa.

Watu huniambia atalala ndani ya basi. Usingizi wa kichwa kugonga dirisha kila tuta, mwenzake akipanda kila kituo, sitauita usingizi wa usiku.

Sheria ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kwamba shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo. Kasoro yake ni kwamba inatazama lango la shule. Mtoto anaweza kufika saa moja na robo kamili, sheria ikaridhika, kumbe alipanda basi saa kumi na moja na kuzungushwa mitaa minane. Kipimo kingekuwa saa ya kuchukuliwa nyumbani.

Kwa wale wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu balehe husogeza mbele saa ya mwili. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kupanda usiku, na kijana wa miaka 14 hawezi kulala mapema hata akiamriwa. Tunamwita mvivu. Seattle walisogeza masomo ya sekondari mwaka 2016 kutoka saa moja na dakika 50 hadi saa tatu kasorobo, wanafunzi wakapata wastani wa dakika 34 zaidi za usingizi. California imeweka katika sheria, tangu 2022, kwamba sekondari nyingi za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu.

Najua kwa nini wazazi wa Nairobi wananyamaza. Mama anayetakiwa kazini Industrial Area saa moja hawezi kumsubiri mtoto achukuliwe saa moja, na kumwona mwana ameondoka kabla yake ni amani ya moyo. Simlaumu. Wala sisemi watoto wa Mukuru au Kibera wanaokwenda shule kwa miguu wanalala vizuri. Chumba kimoja kikiwa ndicho jikoni na sebule, mtoto hulala wakubwa wanapolala. Ila basi la shule limo mikononi mwa watu wanaoweza kukaa mkutanoni na kulibadilisha wiki ijayo. Wadogo waingie raundi ya pili. Njia ndefu igawanywe. Zamu za raundi ya kwanza zibadilishwe kila muhula, isiwe mtoto wa mtaa wa mbali ndiye anayelipa kwa usingizi wake miaka minane mfululizo. Gharama zikipanda, tuambiwe ni kiasi gani, nasi tujadili.

Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, uliokuwa kisingizio cha masomo ya alfajiri ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mkutano wa wazazi wa kufungua muhula ukifika, nitauliza mambo mawili: mtoto wa kwanza anachukuliwa saa ngapi, na wa mwisho anashushwa saa ngapi. Naomba majibu yachapishwe kwenye karatasi ya karo, kando ya gharama ya usafiri.