Ndege iliyokataa maboya

Niseme mapema tusije tukazungushana: ndege nzuri kuliko zote zilizowahi kuundwa Italia haikuruka hata siku moja. Ni Piaggio Pc.7 ya mwaka 1929, kazi ya mhandisi Giovanni Pegna. Najua wapenzi wa ndege wataniona nimechanganyikiwa, maana kwao malkia ni Macchi M.C.72, na malkia huyo rekodi anayo. Nivumilieni kidogo, nitamfikia.

Enzi zile ndege zenye kasi kuliko zote duniani zilikuwa za majini. Chanzo kimojawapo ni Kombe la Schneider, mashindano ya kasi ya ndege za majini yaliyoanza mwaka 1913. Chanzo kingine ni cha kawaida kabisa: ndege ya kasi huhitaji njia ndefu ya kupaa na kutua, na ziwa halidai lami wala kukatiwa miti. Tabu ilikuwa maboya. Ndege ikishapaa, yale maboya mawili marefu chini ya tumbo hayana kazi tena; yanabaki kuning'inia na kushindana na upepo. Wahandisi wote walilijua hilo, na karibu wote wakalimeza. Pegna akakataa.

Pc.7 ilielea kwa kiwiliwili chake chenyewe, imezama mpaka kwenye mabawa. Chini yake alitia vibawa vya kukata maji, na mkiani rafadha (pangaboi) ndogo kama ya boti. Sasa ona shughuli ya rubani. Anawasha injini huku rafadha ya puani imesimamishwa, imelazwa sawasawa na maji ili isiyaguse. Nguvu yote inapelekwa kwenye ile ya mkiani. Ndege inasukumwa, vibawa vinaibeba kidogo kidogo mpaka pua inatoka majini. Hapo ndipo anashika klachi nyingine, rafadha ya mbele inaanza kuzunguka, ya nyuma inaachiwa. Haya yote na injini moja tu, mtu mmoja, mikono miwili.

Rubani Tommaso Dal Molin aliijaribu Ziwa Garda, Italia. Maji yaliyorushwa yalimziba macho, klachi nazo zikasumbua, mradi ukaishia hapo. Mwaka huohuo alikwenda Uingereza kwenye Kombe na Macchi ya kawaida yenye maboya, akashika nafasi ya pili. Kwa hiyo anayetaka kunicheka ana pa kuanzia: iliyokubali maboya ilishindana, iliyoyakataa ilibaki nyumbani.

Lakini tafuta picha ya Pc.7 iliyopigwa ubavuni. Hakuna waya, hakuna maboya, hakuna kilichobandikwa baadaye. Mwili mwembamba umechongoka kutoka puani mpaka mkiani, na unaona wazi ni kitu gani kilichokuwa kikimkosesha mtu huyu usingizi. Hicho ndicho kinachonivuta kwa ndege za majini za Italia kwa jumla. Swali lililomsumbua mhandisi limebaki limeandikwa mwilini mwa ndege. Ndege ya abiria ya leo ukiifuta jina la kampuni, wengi wetu hatujui nani ameiunda.

Chukua Savoia-Marchetti S.55, iliyobuniwa na Alessandro Marchetti katikati ya miaka ya 1920. Ina viwiliwili viwili pacha, bawa moja nene limelala juu yake, na marubani wamekaa ndani ya bawa hilo, katikati! Juu yao kuna injini mbili zilizopeana mgongo, moja inavuta, nyingine inasukuma. Ukiichora darasani mwalimu atakurudishia daftari. Mwaka 1933 Italo Balbo, waziri wa anga wa Italia, aliongoza ndege 24 za aina hiyo mpaka Chicago, zikivuka Atlantiki kwa makundi. (Caproni Ca.60 ya mwaka 1921, yenye mabawa tisa na injini nane, nairuka makusudi. Ile ilikuwa tamaa tu, na Ziwa Maggiore likaimaliza katika safari yake ya pili.)

Sasa malkia. Mario Castoldi, mbunifu wake, hakuyaondoa maboya ya M.C.72, aliyafanya yafanye kazi. Injini ya Fiat AS.6 ni injini mbili za silinda 12 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, zikizungusha rafadha mbili zinazopishana kinyume. Hayo si madoido. Rafadha moja yenye nguvu kiasi kile huilalisha ndege upande, boya moja linazama kuliko jingine, na badala ya kunyooka unaanza kuzunguka ziwani. Rejeta nazo hazikuachwa zitokeze nje: zililazwa juu ya ngozi ya mabawa na kwenye maboya, ndiyo maana mabawa yana rangi ya shaba wakati mwili ni mwekundu. Tarehe 23 Oktoba 1934 Francesco Agello aliiendesha juu ya Garda kwa kilomita 709 kwa saa. Kwa ndege za majini zenye injini ya pistoni, rekodi hiyo haijavunjwa.

Bei yake ni ya kutisha. Giovanni Monti na Stanislao Bellini walikufa mwaka 1931 wakiziendesha M.C.72. Dal Molin alikuwa ametangulia Januari 1930, na ndege nyingine ya mashindano, palepale Garda. Na aliyekuwa akilipa gharama za fahari hii ni utawala wa Mussolini. Safari ya Balbo ilikuwa matangazo ya ufashisti, na jeshi la anga la utawala huohuo lilimwaga gesi ya haradali juu ya Wahabeshi mwaka 1935 na 1936. Mwaka 1940 mabomu yake yalifika Malindi. Mtu wa Afrika Mashariki akiniambia hawezi kuzitazama ndege hizi kwa raha, simbishii. Mimi naweza, lakini sitaki kuzitazama kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni bila mwenyewe.

M.C.72 iliyobaki ipo kwenye makumbusho ya jeshi la anga Vigna di Valle, kando ya Ziwa Bracciano, si mbali na Roma. Ukifika usisimame puani wanakopigia picha wote. Pita ubavuni, inama, uangalie mabawa yale ya shaba kwa karibu, halafu uyaangalie maboya, uniambie kama Pegna hakuwa na haki ya kuyachukia.