Kosa jekundu la swali la saba

Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tano alifika kwangu Ngamiani, akaniamkia, akakaa kimya. Si kawaida yake. Kumbe mkononi kaficha karatasi ya jaribio la Biolojia, kaikunja hadi imekuwa kama tambuu.

Nikaikunjua. Swali la saba: kila oganeli, yaani kijiungo cha ndani ya seli, imezungukwa na utando, kweli au si kweli, toa sababu. Binti kaandika: si kweli, kwa sababu nyukleoli haina utando. Juu yake kapigwa kosa jekundu, limekaribia kuchana karatasi, na pembeni maneno mawili: "Soma notsi!"

Jamani. Mie nimekula mkate wa maabara miaka ishirini na ushei, nyukleoli naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda Raskazone. Chukua ngozi nyembamba ya kitunguu, itie iodini, weka chini ya hadubini. Kila seli ina kiini chake, na ndani ya kiini utaona kidoa kimoja au viwili vilivyokoza. Ndiyo hiyo. Watu wanaiona tangu miaka ya 1830. Zilipokuja hadubini za elektroni, wakautafuta utando wake, hawakuukuta. Ribosomu, vile vijimashine vya seli vya kutengenezea protini, zinaundwa humo, kiwanda kizima kinafanya kazi mchana na usiku bila ukuta, na mtoto aliyesema hivyo anapewa sifuri.

Haya, mwalimu naye ana lake. Wapo waandishi wa vitabu wanaolitumia neno oganeli kwa vile vyenye utando tu. Sawa, nakubali, kwa shingo upande. Lakini notsi hizohizo alizoambiwa asome, nimezifungua mwenyewe, zimeiweka nyukleoli kwenye orodha ya oganeli, namba sita, pamoja na mchoro. Basi chagueni moja.

Kinachoniuma zaidi si ile alama. Ni lile wazo kwamba bila ukuta hakuna mpangilio. Tunawafundisha watoto seli kama nyumba ya vyumba: huku jiko, huku stoo, kila mahali mlango. Vilivyobaki tunaviita "ute" na kufungua ukurasa mwingine. Mtu wa Tanga anawezaje kuamini hivyo wakati kila siku anapita kijiweni?

Pale barabarani kwetu, baada ya sala ya alasiri, huota kijiwe cha kahawa. Hakuna ukuta wala mlango, wala aliyeandikisha jina, ila mpita njia anajua fika kijiwe kinaishia wapi. Wakiwa wawili, hao ni watu wawili wamesimama. Wakifika sita, saba, ghafla pamekuwa kijiwe, na anayekatiza anajikuta kavutwa. Kinachowashika si kitu kimoja kikubwa. Huyu kafuata kahawa chungu na kashata, yule bao, yule kaja kubishana Coastal Union na African Sports, mwingine anamvizia mdeni wake. Kila kivutio peke yake ni dhaifu, mtu anaweza kunyanyuka wakati wowote, na kweli wananyanyuka na wengine wanakaa. Rudi baada ya saa moja: nusu ya sura ni nyingine, kijiwe ni kilekile.

Protini za nyukleoli nazo ndivyo zilivyo. Nyingi zina mikia mirefu isiyo na umbo maalumu, yenye sehemu kadhaa za kunasana kidogo kidogo, zenyewe kwa zenyewe na pamoja na RNA, yaani nakala zinazotolewa kwenye jeni. Zikiwa chache zinazurura. Zikizidi kiwango fulani, zinajitenga na kuwa tone. Na muuza kahawa akiondoka na birika lake, subiri dakika kumi uone kama kijiwe kipo. Seli inapojigawa, usomaji wa jeni za ribosomu unasimama na nyukleoli inayeyuka. Mgawanyiko ukiisha, kila seli mpya inajijengea yake.

Hili la matone halikutoka kichwani mwangu. Mwaka 2009 Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walikuwa wakichunguza mnyoo wa milimita 1 hivi, C. elegans, ambaye seli zake za uzazi zina punje za protini na RNA. Walipozisugua seli hizo kati ya vioo, punje zikatiririka juu ya kiini, zikaning'inia, zikadondoka. Mbili zikigusana zinakuwa moja, duara. Kitu kigumu hakifanyi hivyo. Wakapausha kwa leza sehemu ya punje iliyokuwa inang'aa, na sekunde chache baadaye mng'ao umerudi, protini mpya zimeshaingia, kama sura mpya kijiweni.

Binti alinitazama kama namtania. Nikachukua bakuli la maji, nikadondoshea mafuta ya nazi, nikampa kijiti cha mshikaki. Akasukuma tone moja taratibu likafika kwa lenzie. Yakagusana, yakasita, halafu yakamezana. Akarudia mara tano. Chai ikapoa.

Mafuta yenyewe yakanipa mfano wa pili. Yapeleke Lushoto, asubuhi yameganda chupani. Yaanike juani, yanarudi. Seli nayo ikipigwa na joto kali inakusanya RNA zake kwenye matone ya dharura, hali ikitulia inayatawanya. Balaa ni pale tone linapokuwa gumu lisirudi, kama yai lililochemshwa. Mwaka 2015 protini iitwayo FUS ilionekana maabara ikigeuka hivyo, tone likawa nyuzi, na mabadiliko ya jeni yanayoonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaolegeza misuli, aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking, yaliharakisha mgeuko huo.

Na kichaa cha mbwa! Mwaka 1903 Adelchi Negri aliona madoa ndani ya neva za wanyama waliougua, akadhani ni vijidudu. Wenzangu wa maabara wakayatumia miongo na miongo kuthibitisha ugonjwa. Mwaka 2017 ikabainika ni matone pia, kirusi kinajizalisha humo. Nacho hakikusoma notsi.

Sisemi kila doa ni tone. Wataalamu wenyewe wanagombana, na wapo walioona matone kwa sababu wameishindilia seli protini kupita kiasi. Lakini nyukleoli kutokuwa na utando, hilo hakuna anayeligombea.

Wakati wa kuondoka binti alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Sasa mjomba, swali hili likirudi kwenye mtihani wa muhula, niandike kweli au si kweli?"

Nikawaza ada anayolipa dada yangu. Nikawaza ile kalamu nyekundu.

Nikamwambia aandike kweli. Akavaa viatu bila kuniangalia.