Tambara limehukumiwa bila kusikilizwa

Siku hizi ukitaka kuonekana mjuzi wa mambo ya milipuko, sema tu kwamba kufuta meza na vitasa kwa dawa ni maigizo. Korona ndiyo iliyowafunza watu hivyo, na haikuwafunza bure. Mwaka 2020 tuliona watu wakifuta mifuko ya sokoni, barua na hata matunda, halafu wanaketi na mtu anayekohoa katika chumba ambacho dirisha halijafunguliwa tangu asubuhi. Aliyewacheka alikuwa na haki. Shida ni kwamba hukumu iliyotolewa kwa kirusi kimoja, tena kwa mazingira fulani, imegeuzwa kuwa sheria ya virusi vyote na nyumba zote.

Hoja ya wakosoaji ni nzito, si ya kupuuzwa. Hofu ya mwaka ule ilichochewa sana na utafiti wa maabara uliochapishwa katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, uliokuta kirusi cha korona kikiwa bado hai juu ya plastiki hadi saa 72 na juu ya kadibodi hadi saa 24. Vyombo vya habari vikang'ang'ania hizo saa 72. Wachache walisoma kwamba, katika utafiti huohuo, virusi vilivyo hai juu ya plastiki vilipungua kwa nusu kila baada ya saa saba hivi, kwa hiyo siku ya tatu kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Julai 2020 Emanuel Goldman wa Chuo Kikuu cha Rutgers akaandika katika jarida la Lancet Infectious Diseases kwamba hatari hii imekuzwa kupita kiasi, kwa sababu majaribio ya maabara yalianza na virusi vingi kuliko vile ambavyo mgonjwa huviacha mezani kwa kukohoa au kupiga chafya. Korona husafiri hasa kwa hewa. Hilo halina ubishi tena.

Aprili 2021 ikaja namba iliyolimaliza tambara. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilisema uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa kitu chenye kirusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Namba tamu, rahisi kukumbuka, na tangu hapo imekuwa ikirushwa kila mtu anapotaja dawa ya kusafishia.

Lakini hebu tuitazame. Ni ya mguso mmoja, si ya siku nzima ya kuuguza mtu. Makadirio yaliyoizaa yalihusu zaidi vitu vya hadharani: kitasa cha duka, kitufe cha kuvukia barabara, vitu ambavyo huenda mgonjwa alivigusa na huenda hakuvigusa. Chumbani mwa mgonjwa hakuna "huenda". Amepenga kamasi, amezima taa, amefungua bomba, ameshika rimoti, na anayemuuguza anashika vilevile dakika mbili baadaye, kisha anajifuta jicho. Sisemi tuzidishe namba ile kwa idadi ya miguso tupate hatari ya kweli. Hesabu haiendi hivyo. Nasema haikupimwa pale inapotumiwa sasa. Na waraka uleule wa CDC ulikuwa na nusu ya pili: kwamba kwa hali nyingi sabuni yatosha, lakini mahali alipokuwa mgonjwa ndani ya saa 24, dawa ya kuua viini inashauriwa. Nusu hiyo haisambazwi.

Kuna pia utafiti wa familia 124 za Beijing, uliochapishwa katika jarida la BMJ Global Health mwaka 2020. Nyumba zilizotumia dawa ya klorini au ya ethanoli kila siku zilikuwa na maambukizi ya ndani pungufu kwa asilimia 77. Singeitegemea namba hiyo peke yake. Watu walihojiwa baada ya mambo kupita, na familia inayofuta vitasa kila siku mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayovaa barakoa na kufungua madirisha. Bado, anayedai kwamba hakuna ushahidi wowote wa nyumbani ana la kujibu hapo.

Tuache korona kidogo, maana ndiyo iliyotupotosha. Kirusi chake kina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja upesi. Norovirusi, inayoleta kutapika na kuhara, haina utando huo. Kitakasa mikono cha alkoholi hakiiwezi vizuri, chembe chache mno zatosha kumwangusha mtu, na hukaa juu ya vitu kwa siku nyingi. Mpox, iliyojulikana zamani kama homa ya nyani, je? Mwaka 2021, katika nyumba moja ya Dallas, Marekani, watafiti walikuta kirusi kilicho hai juu ya vitu vya nyumbani siku zisizopungua 15 tangu mgonjwa aondoke. Na anayeuguza mtu wa Ebola hawezi kuambiwa kwamba kufuta damu na matapishi yaliyomwagika ni maigizo. Mtu aliyejifunza kudharau tambara mwaka 2021 ataingia katika mlipuko wa namna hii mikono mitupu.

Upande wa pili una kadi moja ninayoiogopa kweli: dawa zenyewe. Mei 2020 CDC iliwauliza Wamarekani 502 wazima, na asilimia 39 walikiri kufanya mambo ya hatari, kama kuosha chakula kwa klorini, kujipaka dawa ya kusafishia mwilini, au kuvuta mvuke wake makusudi. Wengine huchanganya klorini na dawa ya choo yenye asidi, au na amonia, na kujitengenezea gesi ya sumu bafuni. Hapa wakosoaji hawana kosa. Ila kinachoelezwa hapo ni kutumia vibaya, na tiba yake ni kufundisha.

Mafundisho yenyewe si marefu. Klorini ya asilimia 5: mililita 20 kwa lita moja ya maji, na unapata takriban asilimia 0.1 ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wakati wa korona. Futa uchafu kwanza kwa sabuni, kwa kuwa klorini hupotezea nguvu kwenye uchafu. Kisha paka dawa na uiache ikae imelowa angalau dakika moja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wananyunyiza na kukausha papo hapo, wanabaki na harufu ya usafi tu. Palipotapikwa, ongeza nguvu ya dawa na muda. Changanya upya kila siku.

Kuhusu kipi kitangulie, ugonjwa ndio unaoamua. Penye kikohozi, dirisha na barakoa kwanza, tambara baadaye. Penye kutapika, tambara kwanza: bomba, kitasa cha choo, swichi, simu, kikombe cha mgonjwa. Mifuko ya sokoni na sakafu ya sebuleni vinaweza kungoja sabuni ya kawaida.