Chungu kikae mezani

Jumapili nilikasirika, na hasira yenyewe haijanitoka, kwa hiyo naiandika. Tulikuwa na wageni sita hapa Yokkaichi, Japani, Watanzania wenzetu wanaoishi Nagoya. Nilishapika kuku kwenye donabe, chungu cha udongo cha Kijapani: mwani wa kombu chini, mapaja yenye mifupa, figili nyeupe, uyoga, kabeji ya Kichina, tofu ya soya juu kabisa. Kengele ikalia, nikaenda kufungua mlango. Kurudi jikoni, nakuta wifi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ameshapakua kila kitu kwenye mabakuli ya kioo. Chungu kimo ndani ya sinki, bado kinafuka moshi, na mkono wake uko kwenye bomba la maji baridi.

"Wifi, hapana!"

"Nini tena? Nakuondolea aibu. Chungu cheusi utakipeleka mbele za watu?"

Sikumjibu, wageni walikuwa wanavua viatu. Tukala. Tofu ilikuwa imepoa, kabeji imelegea, na mabakuli yalipoisha hakuna aliyejua kama kuna kingine.

Namuelewa, maana nami nililelewa hivyo hivyo: chungu ni cha jikoni, mezani huenda vyombo vya wageni. Lakini donabe si sufuria ya udongo. Ni chombo cha kupikia na cha kulia kwa pamoja, na ukikiondoa mezani umetupa nusu ya kazi yake.

Chukua wali. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyenifundisha. Unaosha mchele, unauloweka kama nusu saa, unauweka motoni dakika kumi na tatu hivi, mpaka mvuke utoke kwa nguvu kwenye kile kitundu cha kifuniko. Kisha unazima gesi. Mara ya kwanza nilidhani amekosea, nikanyoosha mkono nifunue. Akanishika kiganja, taratibu, akatikisa kichwa. Tulikaa dakika ishirini tukisikiliza chungu kikitokota chenyewe, bila moto. Udongo huchelewa kupokea joto, lakini ukishalipokea hauliachii upesi. Alipofunua, kila punje ilikuwa imesimama, na chini kuna ukoko wa rangi ya asali. Wajapani huuita okoge, na huugombea kama tunavyougombea sisi. Akanipa mimi kipande kikubwa.

Sasa lichukue joto hilo uliweke katikati ya watu usiku wa Januari. Jiko dogo la gesi liko mezani, chungu juu yake, kila mtu na kibakuli chake na kisahani cha ponzu, mchuzi wa soya wenye ndimu wa kuchovyea. Chakula hakipikwi chote kikaisha ndipo watu wakaitwa. Kuku wa kwanza akiliwa, kabeji nyingine inatiwa; uyoga ukipungua, mtu anaongeza. Majani hukaa motoni muda mfupi tu na kuliwa yakiwa bado na uhai. Wajapani wana jina hata la yule anayewaamrisha wenzake nini kitiwe na lini: nabe bugyo, hakimu wa chungu, kwa cheo cha maofisa wa enzi ya Edo, Japani ya zamani. Huwezi kuwa na hakimu wa mabakuli yaliyokwisha kupakuliwa. Kupika na kula vimekuwa jambo moja, na mpishi hakai peke yake jikoni akisikia vicheko vya wenzake ukutani. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Mama zetu wamekula chakula kilichopoa miaka mingapi kwa sababu walikuwa wanapakulia wengine?

Na sisi ndio watu wa sinia! Pilau ya shughuli tunaizunguka watu wanne au watano, mikono inakutana, na hakuna anayesema ni aibu. Aibu ya chungu tumeitoa wapi? Ni ule weusi wa chini tu, na weusi huo ni alama ya kwamba kimepika.

Wanaosema donabe ni dhaifu, ni kwamba hawakukianza vizuri: kipya hupikwa uji wa mchele kwanza, wanga uzibe vinyweleo vya udongo. Sabuni usikiloweke nayo, kwa sababu kinainywa. Na nyufa ndogo ndogo zinazojichora ndani kadiri unavyopika si ubovu.

Nitakubali mawili. Ni kizito, na kwenye majiko ya umeme ya sumaku yaliyojaa katika nyumba za siku hizi vingi havifanyi kazi. Na ndiyo, sufuria ya umeme ya kupikia wali inaivisha vizuri. Sawa.

Lakini msiseme ni kitu cha kigeni kisichotuhusu. Vyungu vya Iga, huku huku mkoani Mie, hutokana na udongo wa kitako cha ziwa la kale, zaidi ya miaka milioni tatu, wenye mabaki ya mimea yanayoungua tanurini na kuacha vijitundu. Vya hapa Yokkaichi, vinavyoitwa Banko, ndivyo vingi kuliko vyote vinavyotengenezwa Japani, na vinastahimili moto kwa sababu udongo wake huchanganywa na petalaiti, madini yenye lithiamu, ambayo kwa miaka mingi yametoka Zimbabwe. Chungu alichokionea aibu wifi yangu kina jiwe la Afrika ndani yake.

Wageni walipoondoka nilirudisha mchuzi uliobaki kwenye chungu, nikatia wali wa jana, ulipochemka nikazungushia yai, nikafunika, nikazima. Nikakipeleka mezani chenyewe. Tulikaa wawili tu. Wifi alikula kibakuli cha kwanza kimya. Cha pili alijipakulia mwenyewe, na mvuke ulikuwa bado unamjaa usoni. Alipofika chini akaanza kukwangua kwa kijiko, akauliza kikifungwa kwa khanga tatu kitafika Tanga salama.

Nikamwambia kitafika, ila asikibandike motoni kikiwa na maji kwenye kitako.