Kilomita 400 zilizotuchukua wiki tatu

Juzi mpwa wangu aliandika Mtwara na Dar es Salaam kwenye simu yake, kisha akaniambia kwa furaha: "Mjomba, kumbe ni kilomita 400 tu! Ndege saa moja."

Hajakosea. Mstari ulionyooka kutoka uwanja wetu hadi ule wa Julius Nyerere ni kama kilomita 400. Kwa barabara zinafika karibu 560, maana lazima upite Lindi, Nangurukuru na Somanga, uvuke Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ndipo uitafute Mbagala. Hata hiyo saa moja si ya kuruka tupu. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 600 na ushee kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 40 hivi. Nyingine huishia kwenye kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua Dar.

Ila mimi siupimi tena umbali kwa namba hizo. Niliwahi kumpeleka mama kliniki Dar. Daktari alitaka kumwona Jumanne asubuhi, nasi tukakata tiketi ya ndege ya Jumatatu kwa sababu mgongo wake hauwezi basi la kutwa nzima. Tulikuwa tumeshakaa uwanjani, mkoba wa dawa upo mapajani mwake, tukaambiwa safari imesogezwa hadi kesho yake mchana. Mama hakulalamika. Aliuliza tu, "Sasa huyo daktari atatungoja?" Hakutungoja. Tarehe mpya tuliyopewa ilikuwa baada ya wiki tatu, na wiki zote hizo mama alilala kwa maumivu. Kwangu mimi, huo ndio umbali wa Mtwara na Dar.

Jirani yangu ana ndugu Moroni, mji mkuu wa Komoro. Kwenye ramani, Moroni iko karibu zaidi na Mtwara kuliko Dar, kama kilomita 360. Lakini kila akienda hupanda kwanza kaskazini hadi Dar, ndipo avuke bahari. Ramani haimbebi mtu. Kinachombeba ni ratiba.

Wapo wanaosema ndege ni ya wakubwa, sisi wengine tuna basi. Nakataa. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, wazee wetu walivuka Rufiji kwa pantoni, na mvua zikizidi safari ilikwama. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, mabasi yalisimama siku kadhaa. Siku kama hizo mgonjwa wa Newala au Masasi anaihitaji ndege kuliko kiongozi yeyote.

Ndiyo maana nikisikia habari za urefu wa njia ya kurukia, nafurahi, kisha nauliza: ndege ngapi kwa wiki, na ngapi huondoka saa iliyoandikwa kwenye tiketi? Takwimu hizo zingebandikwa pale uwanjani kila mwezi, watu wapange maisha yao.

Mpwa wangu ana usaili Dar Jumatatu saa mbili asubuhi. Hajawahi kupanda ndege, na nauli ya Jumapili jioni alikuwa ameshaichanga. Nilimsimulia habari ya bibi yake. Alinyamaza kitambo, kisha akaenda stendi kukata tiketi ya basi la Jumamosi alfajiri.