Kea ni nini? Neno moja la Kiingereza na kazi ya dada zetu isiyoitwa kazi

Ukiishi Uingereza afu ukawa unafanya kazi ambayo Waswahili wengi wa huku tunaifanya, yani kea, kazi ya kulipwa kuhudumia wazee na wagonjwa, basi hili neno "care" utalisikia toka unaamka mpaka unarudi kulala na kila saa linakuja na sura nyingine. Jirani akikuaga anakwambia "take care", hapo ni kwaheri tu. Kwenye simu ya kazi kila mteja ana "care plan" yake, hapo ni maandishi na ratiba, anakula nini, dawa gani saa ngapi, anainuliwa na mtu mmoja au wawili. Binti wa mteja akilalamika kwamba ofisini "they don't care" anazungumzia moyo, kwamba mama yake hajaliwi. Afu ukikutana na mzazi mwenzio wa Kiafrika akakunong'oneza mtoto wa fulani yuko "in care", hapo hakuna upole wowote, maana yake halmashauri imemchukua mtoto toka kwa wazazi wake na sasa analelewa na familia nyingine au kwenye makazi ya watoto. Hilo la mwisho linawanyima watu usingizi huku kuliko hata viza.

Na bado kuna kastama kea, ambayo hata kule Muheza, Tanga, mnaijua vizuri, ile unapiga simu mtandao umekula bando unaambiwa subiri. Kuna ile c/o ya kwenye bahasha, wazee wetu waliiandika miaka yote bila kujua ni "care of", barua ya mtoto ikipitia kwa mwalimu mkuu au mwajiri wa baba. Na mtu akiwa mahututi anapelekwa "intensive care". Kwetu hapo tuna kuuguza, kulea, kutunza, kuhudumia, kujali, kuangalia, kila kimoja na mahali pake. Huwezi kusema namlea bibi, watu watakushangaa, bibi anauguzwa au anatunzwa.

Kilichonigusa zaidi ni asili yake. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa "caru", maana yake huzuni, majonzi, mzigo wa moyo. Wajerumani mpaka leo Ijumaa Kuu wanaiita Karfreitag, Ijumaa ya majonzi, na hiyo Kar ni ndugu wa hili neno. Kwahiyo kabla halijawa viza na ratiba lilikuwa uchungu wa mtu kwa ajili ya mtu mwingine. Mi naliona hilo kila siku kazini, mwanamke amesimama jikoni kwa mama yake anashindwa kuondoka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango na bado ananieleza mama anapendaje chai.

Ndo maana huwa sikubaliani na ule msemo wetu kwamba Wazungu wanatupa wazazi wao na sisi tunatunza wa kwetu. Unasemwa kila msiba, kila harusi, kila kikao cha diaspora, na anayeusema mara nyingi ni mwanaume ambaye hajawahi kubadilisha pampasi ya mtu mzima maishani mwake. Wapo wazee huku wapweke, tena wengi, siwezi kukataa, kuna nyumba naingia najua kabisa mimi ndo mtu pekee aliyeongea nae siku hiyo. Ila wapo pia watoto wanaokuja kila Jumapili, kazi ya kuosha na kugeuza ishafanywa na mtu anayelipwa, wao wanakaa wanamsikiliza mama yao, wanabaki kuwa watoto. Hicho si kutupa mzazi.

Na kinachonifanya niandike ni kwamba huku hiyo kazi imewekewa sheria. Kuna sheria ya England ya 2014, Care Act, inasema halmashauri lazima impime mtu mwenye mahitaji, na siyo yeye peke yake, hata ndugu anayemuuguza naye ana haki ya kukaa na afisa na kuulizwa wewe mwenyewe unalala, una kazi, afya yako ikoje? Ndugu anayeuguza masaa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho, ni zaidi kidogo ya pauni 80 kwa wiki, hela ndogo sana kwa maisha ya huku, na yapo masharti magumu, watu wamedaiwa kurudisha maelfu kwa sababu kipato chao kilipita kiwango kidogo tu. Lakini kuna mtu ameandikwa mahali kwamba huyu anauguza.

Sisemi huku ni peponi. Hospitali hulipi ila kea ya uzeeni unapimwa mali, England ukiwa na akiba au mali zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, na ukihamia makazi ya wazee hata nyumba yako inaweza kuhesabiwa, watu wanauza nyumba walizolipia maisha yao yote. Kuna ziara za dakika 15, ambapo ndani ya hizo dakika unatakiwa umwamshe mtu, umfute mwili, umbadilishe, uangalie mgongo na visigino kama pamekuwa pekundu, umpe chai na dawa, uandike kwenye simu, utoke. Hiyo pia inaitwa kea na mi nasema haistahili jina.

Afu kuna letu sisi. Februari 2022 serikali ya hapa ikafungua viza kwa wafanyakazi wa kea kutoka nje, watu wakauza viwanja kuja. Machi 2024 wakasema wanaokuja kwa kazi hiyo hawaruhusiwi tena kuja na mume, mke wala watoto. Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri wapya toka nje. Yani kabla hawajafunga, mama aliruhusiwa kuja kumlisha mzee wa watu ila mwanae wa miaka minne abaki kwa bibi yake kijijini. Neno ni lile lile, kuwatunza wa kwao ndio, kumlea wa kwako hapana. Hili linaniuma na sitaacha kulisema.

Sa turudi nyumbani. Bibi yangu alipopooza upande mmoja aliuguzwa na mama mdogo. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, ana wateja wake, sare za shule zote za pale zilikuwa zinapita kwake. Cherehani ikafunikwa kanga ikasogezwa ukutani ili kitanda kipate nafasi. Alikuwa anamgeuza bibi na kitenge kilichokunjwa mara mbili chini ya kiuno, anavuta taratibu upande mmoja afu mwingine, huku nimekuja kufundishwa mbinu hiyo hiyo na kupewa cheti. Bibi hakuwahi kupata kidonda cha kulala, kile kinachompata mtu akilala muda mrefu bila kugeuzwa, na nyie mnaofanya kea mnajua hiyo ina maana gani. Watu wakiuliza mama mdogo anafanya kazi gani wanajibiwa yupo tu nyumbani, anakaa na bibi. Msibani kwenye neno la shukrani wakatajwa waliotuma hela toka nje, na mimi nikiwemo, yeye hakutajwa. Alikuwa jikoni.

Zanzibar toka 2016 wanalipa pensheni kila mzee wa miaka 70 kwenda juu, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo zuri sana. Kenya kwenye katiba yao ya 2010 ibara ya 57 inataja haki ya mzee kutunzwa na familia na serikali. Vyote hivyo vinamtazama mzee, na ni sawa kabisa. Ila anayemgeuza usiku nani anamtazama? Familia, mnasema. Haya, familia ni nani hasa? Ni binti ambaye hajaolewa, au aliyeachika, au dada wa kazi anayelipwa kiduchu kwa kazi ambayo huku inataka watu wawili na mashine ya kunyanyulia.

Kwahiyo sisi tulioko nje tuache kutuma "hela ya matumizi" tukadhani tumeuguza. Anayeuguza alipwe mshahara wake kwa jina lake, tofauti na hela ya dawa na chakula, na apate siku yake ya kutoka, ndugu mwingine akae zamu. Kwetu tumeanza hivyo kwa mama mkubwa ambaye sasa hivi miguu haimbebi, binamu yangu anayekaa nae anaingiziwa mwisho wa mwezi kwenye simu na Jumamosi anaenda zake sokoni kuuza. Mjomba anapinga, anasema tunaleta uzungu kwenye ukoo. Tumemuomba Jumamosi moja akae yeye zamu na bado tunasubiri jibu lake.