Sindano ya Mama na Saa ya Mjomba

Saa ya mjomba ni Seiko 5 ya zamani, mashine 7S26, mapigo 21,600 kwa saa. Ilikuwa ikikimbia sekunde 25 kwa siku. Si ugonjwa huo. Kiwanda chenyewe kinaruhusu hadi 40. Ila mjomba ni mtu wa kuhesabu sekunde, nami ni mtu wa kujitolea bila kuombwa.

Mfuniko niliufungua kwa mpira wa mtoto uliopungua upepo: unaukandamiza, unazungusha kinyume cha mishale, unaachia bila mkwaruzo. Juu ya balansi, kile kigurudumu kinachoyumba huku na huku, kuna vimkono viwili. Kilichoshika ncha ya springi ya kigurudumu hicho usikiguse, mapigo yatachechemea. Cha pili ndicho cha kasi: kisogeze upande wa alama ya kutoa (–), chini ya unene wa unywele, springi ipate urefu, saa ipunguze mbio.

Nikakisogeza kwa sindano ya mama. Sindano ilikuwa mahali pake pa siku zote, pamoja na koleo langu: juu ya sumaku ya spika ya redio mbovu, visipotee.

Saa tatu usiku nikamkabidhi. Alikuwa na basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Simu ikalia usiku wa manane. "Mpwa wangu, niko stendi. Saa yako inasema kumi na moja. Mlinzi anasema kumi. Mbwa wanakubaliana na mlinzi."

Saa moja nzima ndani ya saa saba! Springi ile ni nyembamba mno; ikipata sumaku, mizunguko yake hunatana, inakuwa kama imekatwa fupi, na balansi inapiga mbio za mwizi. Ukiisogeza saa karibu na dira na mshale ukayumba, jibu umepata.

Dawa ilikuwa kwa fundi wa televisheni za kichogo, mwenye duara la waya la kusafishia rangi za kioo. Unaliwasha, unapitisha saa, unarudi nyuma polepole hadi hatua mbili, ndipo linazimwa. Likizimwa saa ikiwa karibu, unaweza kuitia sumaku upya. (La kujitengenezea kwa umeme wa ukutani, hapana, hapo kinachosimama si saa.)

Nikarudia kazi kwa kijiti cha mshikaki kilichochongwa, nikasubiri saa 24, nikagusa tena. Sekunde 6. Mjomba kaivaa, lakini akisafiri hunipigia kuuliza saa ngapi.

Sindano nilimrudishia mama. Hadi leo anashangaa: kila akiitoa kwenye kopo, inatoka na wenzake watatu.